Tulivyofungiwa Stoo ya Pamba, Mimi na Niliyekuwa Namkimbia

Asubuhi niliyofungiwa stoo ya pamba hapa Bariadi, sikuwa peke yangu. Nyuma ya marobota kulikuwa na mtu anapumua.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Milembe, karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi naiweza. Kinachonishinda ni kelele, na kumtazama mtu machoni. Makofi yakipigwa karibu yangu, maneno yote yananikimbia. Nimezaliwa hivyo, na nyumbani Ipililo walishanizoea.

Bosi wetu Respicius, mtu wa Bukoba, alikuja na utaratibu wake. Kila asubuhi duara, wimbo, makofi, halafu kupeana mikono mkitazamana usoni. Akishauanzisha wimbo, yeye anatoka eti kupokea simu.

Mimi nikiinama, wenzangu wanasema naringa. Bosi akaniita, akaniambia nikikosa duara tena, kazi sina. Na mama anakula kwa kazi hiyohiyo.

Nilijikaza, jamani. Lakini siku hiyo wimbo ulipopamba moto nikajikuta stoo. Athanasi, mtunza stoo, akapita akafunga mlango kwa nje bila kuchungulia.

Giza, mwanga ni ule wa nyufa za mlango tu. Vumbi la pamba kooni. Nikajua nimekwisha.

Ndipo nikasikia ile pumzi. Nikazunguka robota.

Bosi Respicius. Kachuchumaa, viganja masikioni, macho kayafumba.

Nikamuuliza kelele zimeanza kumsumbua lini.

"Tangu mtoto," akasema. "Nilidhani nikiwaimbisha mwenyewe nitazoea."

"Sasa mbona unataka kunifukuza?"

Makofi yalipoisha huko nje, akashusha viganja.

"Kila ukiinama najiona mimi, Milembe. Naogopa na wao wataniona."

Athanasi alipofungua, alikosa pa kuweka macho. "Mwangaluka, bosi," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Tunakagua mzigo," bosi akamjibu.

Kesho yake alitangaza kwamba duara ni kwa anayetaka, na anayesumbuliwa na kelele achukue vifunika masikio kama vya watu wa mashine. Meza yangu ikahamishiwa chumba cha nyuma. Nililia kwa furaha.

Nikachukua vifunika masikio vyangu, nikamnyooshea bosi vingine. Akawatazama watu, akatikisa kichwa.

Mpaka leo mimi nafanya kazi kwa amani. Yeye yuko katikati ya duara, anapiga makofi kuliko wote.

Ndugu zangu, mwenzako kazini asipokutazama, usikimbilie kusema anaringa. Muulize anahitaji nini. Na wewe bosi unayebana wenzako, jikague. Mimi nilifunguliwa na Athanasi. Bosi wangu bado yuko mle stoo, na ufunguo anao mwenyewe.