Siku Kazi Yangu Ilipopimwa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilipotamani ugonjwa. Si ugonjwa mkubwa, homa ndogo tu ya kunibakiza kitandani. Ilikuwa miaka ile baada ya wakimbizi wetu kurudi kutoka Kongo, na mimi nilitunza mashuka katika nyumba moja ya wageni hapa Gisenyi, karibu na ziwa. Kazi nilipewa kwa kuwa nimemaliza sekondari, na niliipenda kwa sababu mbaya kabisa: ilikuwa na kiti. Wenzangu walivuka mpaka kwenda Goma na kurudi na habari zote za mjini. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kwenye rafu ya foronya hadi dirishani.

Bon, sawa. Mwenye nyumba akamleta Mzee Anastazi, aliyewahi kusimamia wafanyakazi wa shamba la chai kule Kivu, aje aangalie kila mtu anafanya nini. Hakutueleza kwa nini. Basi tukajieleza wenyewe: atakayeonekana ana kazi nyepesi, anafukuzwa. Na ufukuzwe uende wapi? Barabara ya Kanama ilikuwa na siku zake za kufungwa kwa ajili ya usalama, kazi haikuonekana popote, na kule kwetu Nyakiriba mama na wadogo zangu walikula kwa mshahara wangu. Usingizi ulinikimbia.

Ungeona maigizo! Mzee akitokea, mpishi anasugua sufuria inayong'aa tayari. Mtunza bustani alimwagilia maua huku mvua inamnyeshea kichwani. Callixte wa mapokezi, mtu wa kupenda kusikika, alipaza sauti tumsikie wote: "Muzee, kazi yangu ni ya watu wawili! Funguo ni mi, simu ni mi, voiture ya mugeni ikifika ni mi, mugeni akikasirika ni mi!" Tukamwonea wivu. Huyo amepona, tukasema.

Kisha Mzee akaburuta kigoda hadi mlangoni pa chumba cha mashuka, akakaa. Nikakunja mashuka yakaisha. Nikayakunjua, nikayakunja upya, yeye ananitazama tu.

"Mutoto yangu," akasema mwishowe, "acha hiyo shuka ipumzike."

Nikaiacha.

"Sasa niambie. Kesho kama hauko, nini itaharibika hapa?"

"Mi ni mwaminifu, Mzee. Nimesoma, sichelewi, sigombani na mtu..."

"Apana. Sijauliza we ni nani. Nauliza kazi."

Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, mwanangu. Lakini utamdanganyaje mtu aliyekutazama asubuhi nzima? Nikamfikiria mama, nikafumba macho, nikasema: "Hakuna kitakachoharibika. Anayesafisha vyumba anaweza kuchukua mashuka mwenyewe."

Nikangoja aninyang'anye funguo za chumba cha mashuka.

"Na wewe unataka kufika wapi?"

"Hapahapa, Mzee."

"Ayii! Hata shuka inatoka humu inaenda kwa kitanda. We tu ndiyo unabaki?"

Mchana alitukusanya jikoni. Callixte alikuwa amevaa tai. Mzee akasema, "Kazi ya kutunza shuka, leo imekufa." Nikashika meza. Wenzangu wote waliangalia chini.

"Kazi imekufa, mutu wake hajakufa," akaendelea. "Callixte amesema kazi yake ni ya watu wawili. Donc, basi, nimemupa wa pili. Huyu dada ataanza na simu, kisha funguo. Akizoea, atasimamia vyumba vyote. Njia yake ni hiyo."

Callixte akailegeza tai yake. Na mimi, badala ya kushukuru, nililia mbele ya watu, nikikililia kiti changu! Lakini nilikwenda. Callixte alinifundisha kwa manung'uniko kila siku, akanifundisha vizuri, na vyumba vile nilikuja kuvisimamia mpaka wadogo zangu wote wakamaliza shule.

Sasa wewe umekabidhiwa wafanyakazi, ndiyo maana nimeacha chai yako ipoe. Kabla hujampima mtu, ipime kazi: inafanya nini, inataka ujuzi gani, ikikosekana nani ataumia. Ila usimfuate Mzee pale alipokosea. Mwambie mtu mapema kwa nini unamtazama, maana hofu ndiyo iliyomtuma yule mwenzetu kumwagilia maua kwenye mvua. Usifute kazi kabla hujamwonyesha mwenye kazi mahali pa kuweka mguu. Muulize anataka kufika wapi, na akikujibu "hapahapa" kama mimi, usimwamini haraka. Huenda anauogopa mlango tu. Kaa naye, muonyeshe ngazi ya kwanza na ya pili, kisha umpe wa kumfundisha, hata kama ananung'unika.

Nenda, mwanangu. Imana, Mungu wetu, akupe jicho la kuiona kazi na moyo wa kumwona mtu, na kila utakayemwita ofisini kwako atoke akijua kesho yake iko wapi.