Mwanya Chini ya Paa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba la mkonge upande wa Mazinde, niligombezwa kwa kumaliza ukuta. Ilikuwa enzi ya Wadachi, nami nilikuwa kijana wa Handeni niliyejua kusimamisha nguzo, kufunga fito na kukandika, yaani kujaza udongo katikati ya fito. Nilikandika hadi kwenye paa, kama nilivyofundishwa. Bwana Mkubwa wa shamba akaja na fimbo yake.

"Bomoa huko juu. Acha mwanya wa shubiri moja, joto litoke."

Nikabomoa. Nyumba zile za vibarua zilipoa kweli, na zilitumia miti, udongo na nyasi tu. Nilipooa tukapewa moja. Mke wangu, mzaliwa wa Vugiri kwenye baridi, aliutazama mwanya akauliza, "Udongo uliisha?"

Nilicheka. Mtoto wetu wa kwanza, Salimu, alifia humo kwa homa.

Nikahamishiwa Korogwe, chini ya Bwana Mganga, daktari wa Kidachi. Yeye alisema homa huletwa na mbu, na mbu hupita pale pale juu. "Ziba kote." Nikaziba nyumba zote, hata yetu. Ndani kukawa joto la kupikia mikate, na mtoto wa pili akafa vilevile. Nilichanganyikiwa. Nilimwendea Bwana Mganga nikamwuliza lipi ni lipi.

"Wewe jenga tu," akasema.

Kisha nikapelekwa Handeni kwa Bwana Shauri, mkuu wa boma. Huyo akataka mwanya tena, pamoja na upenu mrefu, paa lishuke mbali ili ukuta ukae kivulini. Mke wangu alikuwa mjamzito. Kuta za nyumba yetu mpya zilifika kifuani, nikaketi mbele yake na udongo ukanikaukia mikononi. Niliogopa kuendelea, niliogopa kuacha.

"Baba Salimu," mke wangu akaniambia, "hao mabwana usiwaulize tena. Acha huo mwanya. Mimi nitakoka moto wa moshi kila jioni, mbu wakimbie, na moshi utokee hapo juu."

Binti yetu alizaliwa humo, akakua.

Nilijenga hivyo hadi nilipostaafu. Ninyi vijana mnakuja kuniuliza siri ya nyumba ile. Marehemu mke wangu alisema ni moshi. Binti mwenyewe, mama wa watoto sasa, anasema ni bahati. Mimi nawapa vipimo, lakini siapi kuwa ndiyo siri, maana hata wale wawili waliokufa niliwajengea kwa vipimo.