Siku Tulipoipigia Faida Makofi

Jumamosi, tarehe 22 Machi 1952, watu zaidi ya mia tulishangilia habari ya kufilisika kwetu wenyewe.

Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini hii nitaandika.

Hapa Bungoma tulikuwa na kampuni ya kusaga mahindi. Hisa moja shilingi ishirini. Ilipofika Krismasi, arobaini. Machi, sitini. Hata katekista aliuza baiskeli akanunua. Kinu chenyewe kilikuwa Kitale, na hakuna aliyeenda kuona kama kinasaga.

Mke wangu Rispah alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari Mhindi wa Kitale alisema ukatwe kabla ya mvua.

"Baba Wabwile," akaniambia asubuhi ile, "uza hizo hisa leo. Sitini inatosha."

"Wacha kwanza nisikie mkutano."

"Tumbo halingoji mkutano."

Nikaenda. Mwenyekiti wetu, Mukhisa, akasimama na barua ya benki.

"Ndugu zangu, benki imeandika. Faida imepanda."

Makofi, bana. Akina mama wakapiga vigelegele. Mukhisa akatuangalia, akakunja barua polepole, akaketi.

Nikamfuata nje.

"Mzee, nataka kuuza. Mama Wabwile ni mgonjwa."

"Uuze sasa, Wakhungu? Si umesikia mwenyewe? Hata mimi nakuuzia hisa zangu kumi, kwa sababu ni wewe."

Ng'ombe wangu wa mwisho akaenda siku hiyo kulipia hisa zake. Nikarudi nyumbani nikicheka.

Rispah hakucheka. "Na Kitale?"

"Mwezi ujao."

Mwezi huo ulipofika, Kiptanui, fundi wa kinu, akashuka na lori kutoka Kitale. Kinu kimefungwa, akasema, benki imekichukua. Ati faida iliyopanda ni ile benki ilikuwa inatutoza kwa mkopo wa kampuni.

Riba, bana. Sisi tulikuwa na neno moja tu kwa zote mbili: faida.

Rispah nilimzika Mei, kaburi limejaa maji.

Mukhisa alikuja matangani na sukari ratili mbili. "Bahati mbaya," akasema. Mkubwa akikosea ni bahati mbaya. Mimi nikikosea, nachimba kaburi.

Ndugu, ukiambiwa faida imepanda, uliza kwanza: ya nani?

Mimi swali langu nilimuuliza Mukhisa palepale matangani, mbele ya watu. Akanywa chai, akaondoka. Kwa hivyo nauliza tena hapa.

Mukhisa, ulipoona tunapiga makofi, mbona ulikunja barua?