Hotuba Yangu Kwenye Posa ya Watu

Nnagombea kiti cha Majlisi ya Shura, baraza la wawakilishi wa Omani, hapa Sib. Juzi kina mama wa mtaa wa Mawaleh walinialika nikazungumze nao. Nilipofika mtaani nikaona nyumba imejaa wanawake, udi unafuka. Nikaingia, nikasimama katikati. Nikaahidi kupigania mabasi ya mitaani, mifereji ya mvua na kazi kwa wasichana wetu waliosoma. Vigelegele vikarindima, nami kichwa kikanivimba.

Mwenye nyumba akanishika mkono. "Bibie, walokualika ni jirani zetu. Wageni hawa wamekuja kumposa binti yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikageukia mlango, lakini binti mwenyewe akaniwahi.

"Mama, posa ingoje kidogo," akasema. "Bibi, hebu rudia hapo kwenye kazi. Kura yangu umeshaipata."

Vigelegele vikaanza upya.