Maji Aliyoninywesha Tata

Mama zangu, mmeniomba nisimulie jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona. Nitasimulia, ila msitegemee nitacheka katikati. Nimekubali kwa sababu ya huyu hapa mgongoni, binti yangu Keren, ambaye jino lake la kwanza limeanza kutokeza, na kwa sababu ya maji ambayo babu yake alitaka anywe.

Nilizaliwa hapa hapa Kolwezi. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Tata, baba yangu, alikuwa karani katika kampuni moja ya shaba, mwanaume wa Lubudi ambaye alikuwa hajawahi kushika chupa ya mtoto, na ghafla akabaki na mimi mikononi. Ndugu walitaka kunichukua, akakataa. Akajifunza kukoroga maziwa ya unga mwenyewe. Na kwa kuwa kila mtu alisema maji ya visima vya mtaani yameingiwa na sumu ya migodi, alinikorogea kwa maji ya chupa. Kampuni ilikuwa ikiwagawia makarani katoni za maji hayo. Chupa zilikuwa na picha ya mlima wenye theluji. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona theluji, lakini tuliamini kwamba maji ya mlima kama ule hayawezi kumdhuru mtu.

Maziwa, uji, chai, kila changu kilipikwa kwa maji hayo. Tata mwenyewe alikunywa ya robine, ya bomba, ili ya chupa yanitoshe mimi. Mkitaka kujua nilivyopendwa, nilipendwa hivyo. "Ule njo mutoto wa mayi ya bazungu," majirani walisema nikipita, na mimi nikatembea shingo juu.

Kisha meno ya utoto yaling'oka na ya ukubwani yakaota. Yaliota na mabaka meupe kama chokaa, mabaka yakageuka ya kahawia, na ya mbele yakawa na vishimo vidogo. Nilisugua hadi fizi zikatoa damu. Shuleni waliniita Kutu. Watoto waliokuwa wakinywa maji ya kila namna walikuwa na meno safi, na ndio walioniuliza kama kwetu tunaosha kinywa. Nikajifunza kucheka nyuma ya kiganja. Hakuna picha yangu ya usichana ambayo mkono hauko mdomoni.

Watu wazima walikuwa na jibu tayari: ni vumbi la migodi. Kolwezi kila doa linaitwa vumbi la migodi, na ukishalipa jina hilo hakuna anayeuliza tena. Tata alisema hivyo hivyo, akaongeza maji ya chupa.

Nilipompata Trésor, fundi wa kuchomelea vyuma, na watu wake wakawa wanajiandaa kuja kutoa mahari, tantine Odette, dada yake tata, alipanda treni kutoka Lubudi. Alinishika kidevu akanifungua mdomo kama mtu anayenunua mbuzi.

"Bakiona hii kanywa, batasema uko mugonjwa, utazala batoto ba vile vile," alisema. "Hii ni kutu. Sasa we fikiri. Kama asidi inatoaka shaba mu jiwe, itashindwa namna gani kutoa kutu mu meno?"

Nilikubali, na ninyi pia mngekubali. Asidi inapita barabarani kwetu ndani ya malori kila siku. Sote tumeona jiwe la kijani likioshwa na shaba ikatoka. Tantine akanipeleka sokoni kwa mtu wa kutengeneza betri za magari, ambaye pembeni alikuwa akisafisha meno. Alizungushia pamba kwenye kijiti, akakichovya katika kopo la asidi, akanisugua meno yote ya mbele, juu na chini. "Usimeze," aliniambia, basi, hayo ndiyo yalikuwa maelezo yake. Mate yalitoka na povu, kisha na damu. Akanipa kioo. Meno yalikuwa meupe. Tantine akapiga vigelegele, na mimi nikacheka pale sokoni mbele ya watu, mikono yote chini.

Weupe ule haukukaa. Kwanza hewa ikipita kwenye meno nilisikia kama sindano inaingia hadi sikioni. Fizi zikabanduka vipande vipande. Kisha meno ya chini yakaanza kupwita, shavu likavimba, uvimbe ukashuka chini ya kidevu hadi kidevu chenyewe kikapotea. Mdomo ulikataa kufunguka, hata ncha ya kijiko haikupita. Usaha ulitoka pembeni ya ulimi, na harufu yake ilinifanya nigeuzie watu uso. Nililala nimekaa, maana nikilala chali pumzi inakatika. Tantine akaleta maji ya chumvi. Tata akaleta katoni mpya, akasema nisukutue na maji safi.

Trésor ndiye aliyekuja akaniangalia mara moja, akasema tunaenda. Alinipakia kwenye pikipiki, tata nyuma akinishikilia. Hospitali tulimkuta daktari wa meno, mama mmoja mfupi wa sauti ya chini. Aliniminya shingo kidogo tu. "Tata," alimwambia baba yangu, "usaha unashuka. Tukingoja, utafunga njia ya pumzi, na huyu mtoto atakufa mbele yetu."

Walinipasua chini ya kidevu na kuweka mrija. Kovu ni hili, muje muone baadaye. Meno yote ya mbele yaling'olewa, asidi ilikuwa imeyamaliza. Trésor alininywesha uji kwa mrija wa soda, akinifuta kidevu kama mtoto. Niliandika kwenye karatasi kwamba yuko huru kuondoka. Aliisoma, akaikunja. "Mi siyakuya kuoa meno," alisema. Namshukuru Mungu kwa ajili yake hadi leo.

Nilipopata nafuu, daktari alivuta kiti. "Ya asidi nimeyaona," alisema. "Ile rangi ya zamani je? Ulipokuwa mtoto, ulikunywa maji gani?"

Tata alijibu kwa niaba yangu, na kwa fahari. "Mayi ya chupa, docta. Tangu iko mudogo. Haikukunywaka mayi ingine."

Daktari akaeleza polepole. Kuna kitu ndani ya maji kinaitwa fluor. Kikiwa kidogo kinayalinda meno yasioze, ndiyo maana wanakitia kwenye dawa ya meno. Kikizidi, mtoto akikinywa miaka yote ambayo meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, meno yanatoka na mabaka na vishimo. Si vumbi wala kutu, wala hayasafishiki kwa kusugua. Alikuwa ameona vinywa vingine kama changu, vya watoto wa makarani wa kampuni ile ile, akapeleka maji yale kupimwa, na fluor ilikuwa imepita kiasi. Kiwanda kilikuwa kinajaza chupa kutoka kisima kirefu hapa hapa mkoani. Mlima ulikuwa wa karatasi.

Tata alisimama, akavaa kofia. "Docta anasema bongo," aliniambia nje, yaani uongo. "Ile mayi njo yenye ilikulea."

Nilielewa. Akikubali kwamba ni maji, atakubali kwamba ni mikono yake. Lakini kuelewa hakuniondolei hasira. Walioweka mlima juu ya chupa bila kuandika kilichomo, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniona hospitalini. Wanaendelea kuuza, na meno ya watoto wao sijui yakoje. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Changu kilikuja kwa katoni, na tulikuwa tukishukuru.

Niliolewa na pengo, kisha nikatengenezewa meno ya bandia. Keren akazaliwa. Tata amestaafu, lakini maji yale aliendelea kuyanunua, kwa ajili ya mjukuu. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, Trésor naye akajaribu. Kila Jumapili katoni begani.

Jumapili iliyopita nilikuwa nje napika. Nilipoingia, nilimkuta amempakata Keren na anamimina maji yale kwenye kopo lake. Nikamshika mkono.

"Tata, hapana."

"Mayi yenu iko na sumu. Unapenda kumuua?"

Nikayatoa meno yangu, ya juu na ya chini, nikayatumbukiza katika lile kopo, nikaliweka mezani mbele yake. Midomo yangu ikaanguka ndani kama ya bibi kizee. Hakuwahi kuniona hivyo, hata hospitalini na harusini nilijifunika kitambaa. "Niangalie," nilimwambia, na neno lenyewe lilitoka limepondeka.

Aliangalia kopo, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kopo. Nikamchukua mtoto. "Mi nilikuwa napima muzuri," alisema. "Unga na mayi. Nilikuwa napima muzuri kila siku."

"Najua, tata."

Nilimwonea huruma, na hasira ilibaki pale pale. Akaondoka na katoni yake.

Basi, mama zangu. Chupa iliyofungwa si ushahidi wa kitu. Tafuteni ile iliyoandikwa fluor ni kiasi gani, na kama hamjui kusoma kipimo, pelekeni chupa kwa daktari, kuuliza si ujinga. Mwenye mtoto wa maziwa ya unga aulize mara mbili. Kuchemsha hakuiondoi. Msikimbilie visima vya karibu na migodi kwa hasira ya chupa, huko kuna mengine. Mimi natumia maji ya robine ya misheni, ambayo daktari aliyapima pamoja na yale. Na meno yenye madoa msiyapeleke kwa mtu wa betri. Nawashukuru waliokesha nami, na daktari yule, Mungu amwongezee siku.

Jana tata alikuja tena. Alisimama mlangoni, hana kitu begani. Keren alimcheka, kijino kikaonekana. Alikitazama kwa muda, kisha akaniuliza, bila kuniangalia usoni, "Iko anakunywa mayi gani?"

Nikamjazia kopo kwa maji ya misheni. Akaonja yeye kwanza. Nikamwambia fluor haina ladha.

"Najua," alisema, akaonja tena, ndipo akampa mtoto.