Kichaka cha Nyuma ya Choo

Majirani walimwita Darubini, kwa sababu kila alfajiri walimwona akitoka na buti za mpira, kofia ya kamba na darubini shingoni, utadhani anakwenda vitani. Alikuwa anakwenda kusikiliza ndege wa aina moja tu. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye, jambo hilo halikuwahi kumwingia akilini.

"Binti yangu, ulisoma miaka yote ile ili ulipwe kusikiliza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi ningekuwa tajiri. Nimemsikiliza baba mkwe wako maisha yangu yote."

Ndege mwenyewe hakuwa na sura ya kutambia. Alikuwa wa kahawia, wa kutosha kwenye kikombe cha chai, na kifua chake kilikuwa cha njano iliyopauka kama sare iliyofuliwa sana. Lakini walikuwa wamebaki wachache, na uchache una heshima yake: alikuwa na idara yake, mabango yake, na gari lenye picha yake mlangoni. Ofisini walimwita Mheshimiwa. Alichokosa ni mahali pa kutaga tu.

Maana Mheshimiwa alijenga kiota chini chini, ndani ya vichaka vya miiba vilivyosongamana kando ya kijito, na si pengine. Kila msimu wa kuzaliana Darubini alipita huko, akasimama, akanyamaza, na kila aliposikia dume anaimba akatia alama kwenye ramani. Kazi nyepesi kabisa, ukiondoa miiba, siafu na mgongo.

Mwaka huo Bosi aliamua kumwokoa ndege kwa nguvu zote. Akajenga ukumbi wa wageni palepale kijitoni, ili watu waje wamwone. Ili ukumbi uonekane barabarani, vichaka vikafyekwa. Ili magari yapate pa kuegeshwa, miiba ikang'olewa na mizizi yake. Ukutani akachorwa Mheshimiwa mkubwa kama ng'ombe, na chini yake maandishi: TUNZA MAZALIA YANGU.

"Bosi, hapa ndipo wanapotaga," Darubini alikuwa amemwambia mapema.

"Ndiyo maana tunajenga hapa," Bosi akamjibu, kwa upole wa mtu anayemwelewesha mtoto.

Msimu ulipofika, Darubini alipita njia yake yote. Kimya. Akarudi tena, kimya vilevile. Akakaa kwenye ngazi mpya za ukumbi, zilizonukia rangi, akalia. Jioni, nyumbani, mama mkwe alimsogezea chai tu na kumwacha.

Kisha asubuhi moja, akielekea choo cha nyuma ya ofisi, Darubini alisikia wimbo. Akadhani ni simu ya mtu. Ukarudiwa. Ulitoka nyuma ya choo, kwenye kichaka kilichomeza uzio, viti vibovu na friji moja ya zamani. Eneo hilo lilikuwa chini ya mtunza bustani aliyeitwa Kesho, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila agizo. Miaka mingi ya bidii yake hiyo ilikuwa imeotesha msitu. Na humo, jike mwenye nyasi mdomoni alikuwa akiingia na kutoka.

Kesho naye alikuwa amesimama pembeni, ananoa panga.

"Unafanya nini?" Darubini alishtuka.

"Bosi kasema nisafishe, wageni wanakuja kufungua ukumbi."

"Yaani katika maisha yako yote, leo ndiyo umeamua kufanya kazi?"

"Hata mimi nimejishangaa, dada."

Darubini akaketi chini, mgongo kwenye miiba, akakataa kuondoka. Bosi akaitwa, akaja amefura. Darubini alikuwa na hoja zote za kitaalamu kichwani. Akamtazama Bosi, akaziacha hukohuko.

"Bosi, huyu ndege ameuacha msitu mzima, akachagua ofisi yako."

Bosi akaweka tai sawa. "Kachagua?"

"Kati ya ofisi zote."

Choo kikafungwa siku hiyohiyo. Wafanyakazi wakawa wanaomba hifadhi jengo la jirani, wakimtukana Mheshimiwa njia nzima. Wageni walikuja, wakahutubiwa, wakapiga picha na ndege wa ukutani, wakaondoka wameridhika. Kesho alipewa cheti cha utunzaji wa mazalia. Hajaenda kukichukua.

Makinda walipokaribia kuruka, mama mkwe alitaka kwenda kuwaona hao waliomliza mkwewe. Wakasimama mbali, nyuma ya ukuta wa stoo. Akapewa darubini. Kinda mmoja alitoka, akadondoka juu ya kiti kibovu, akajikung'uta, akaruka vibaya vibaya hadi kwenye uzio.

Bibi yule hakuishusha darubini.

"Mama, nirudishie, nami nione," Darubini akamnong'oneza.

"Hebu tulia, mtoto wewe. Kuna mwingine ndani anaogopa."