Taa Niliyomchagulia Mdogo Wangu

Miaka ile magugumaji yalipoanza kufunika ghuba, nilikuwa na duka la taa Homa Bay. Niliuza karabai na vipuri vyake, na nyuma ya duka nilikuwa na meza ya kuzitengenezea. Wateja wangu wengi walikuwa wavuvi wa omena. Omena hufuata mwanga. Mvuvi huweka karabai juu ya kielea, samaki hao wadogo wakajikusanya chini yake, kisha wavu ukazungushwa. Kwa hiyo kila mvuvi aliyeingia dukani alikuwa na swali moja tu: ipi inawaka zaidi? Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwa miaka mingi hata nikadhani taa haina swali jingine.

Mdogo wangu, aliyenifuata kuzaliwa, alikuwa mzamiaji. Alitoka kwetu Kendu Bay angali kijana, akaenda kufanya kazi bandarini Mombasa, na huko akafundishwa kushuka chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni. Mama yetu hakuizoea kazi ile hata siku moja. Kila mdogo wangu alipokuja nyumbani, mama alimshika kichwa na kumtazama masikioni, kana kwamba huenda maji yamebaki mle. Kisha alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye mkubwa. Huyu ni amana kwako."

Safari moja mdogo wangu alirudi na kazi. Kulikuwa na mama mmoja mtafiti wa samaki aliyepiga kambi Sori, upande wa Nyatike. Alikuwa akiwatafuta fulu, samaki wadogo wa rangirangi ambao tuliwala utotoni hata tukawakinai, na ambao sasa mbuta, yaani sangara, alikuwa amewamaliza. Wavuvi walimwambia kwamba fulu wachache walikuwa wamejificha ndani ya tishari, chombo bapa cha chuma cha kubebea mizigo kilichozama zamani mbali kidogo na Sori. Mbuta mkubwa hawezi kupenya mle. Mtafiti alitaka picha zao wakiwa hai, na mdogo wangu ndiye angeingia na kamera iliyofungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji.

Alifika dukani na sanduku, akazipanga tochi zake mezani kwangu katikati ya karabai. Ya kwanza ilikuwa kubwa, betri yake nzito kama tofali, na mwanga wake ulitawanyika ukajaza ukuta mzima. Ya pili mwanga wake ulikuwa mwembamba, umekusanyika ukawa doa moja jeupe la ukubwa wa sahani. Halafu kulikuwa na mbili ndogo za akiba, fupi kuliko mpini wa kisu.

"Kaka, wewe ndiye mtu wa taa," alisema. "Nikishika kamera siwezi kubeba zote hizi. Nichagulie."

"Unataka ikufanyie nini?"

"Mle ndani ni giza hata adhuhuri. Nataka nione njia, na samaki waonekane kwenye picha."

Nilifunga dirisha na mlango, nikazijaribu moja baada ya nyingine. Sikuifanya kazi ile kwa pupa. Nilitazama kama swichi inaweza kujizima kwa kuguswa. Nilitoa ile pete ya mpira inayozuia maji, nikaipangusa mchanga, nikaipaka grisi, nikairudisha. Niliiwasha kila moja na kuiacha muda mrefu nione kama betri itachoka. Yote hayo nilifanya sawasawa, na mpaka leo sioni kosa ndani yake. Kisha nikajiuliza swali la wavuvi, ipi inawaka zaidi, nikaweka mkono juu ya ile kubwa.

"Hii nyembamba ni sindano," nikamwambia. "Utashona nini nayo huko chini?"

Alicheka. "Walionifundisha wanasema mtu asiingie mahali penye paa bila taa tatu. Moja ya kazi, mbili za akiba."

"Walikufundisha kwenye maji ambayo mtu anaona vidole vyake vya miguu. Ziwa letu ni uji. Giza nene lataka taa kubwa."

Kwetu mkubwa akishasema jambo mara mbili, mdogo hulipokea. Alizirudisha nyingine sandukuni. Ile kubwa tuliifunga juu ya kasha la kamera, karibu kabisa na kioo, kwa vyuma nilivyovikata kutoka kwenye mpini wa karabai mbovu. Nilisimama nyuma kuitazama na moyo wangu ulifurahi. Namwomba Mungu anisamehe furaha ile.

Tulisafiri kupitia Rongo. Migori mjini tulimkuta mwenzake, ambaye alipaswa kuzama pamoja naye, amelala nyumba ya wageni, malaria imemwangusha hata kuinua kichwa hawezi. Nilisema tungoje apone. Mdogo wangu akasema mtafiti anaondoka baada ya siku tatu, na kwamba mle ndani si mbali, atapita mlangoni na kurudi. Tangu hapo hofu iliniingia. Nilinunua betri za ziada kwa mfanyabiashara mmoja wa dini yetu, nikaswali naye, na sikumwambia mtu yeyote kwamba naogopa.

Mwenye mashua pale Sori alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, mvuvi wa omena, mtu mzima na mzee wa kanisa lake. Aliponiona nikishuka ufukweni na lile sanduku alianza utani wake.

"Sheikh, leo umekuja kuuza taa mpaka kwa samaki?"

"Samaki hawabishani bei kama wewe."

Tulifika juu ya tishari kabla ya saa nne asubuhi. Mvuvi aliteremsha kamba yenye uzito mpaka ikagusa chuma. Mdogo wangu alinieleza utaratibu tena, polepole, kama anavyoelezwa mzee. Angefuata kamba mpaka chini, aifunge mlangoni mwa tishari, kisha aingie akifungua uzi mwembamba nyuma yake ili aufuate wakati wa kutoka. Kamba ikishafungwa pale, hata tukiivuta yeye hatasikia. Hewa yake ilikuwa ya dakika hamsini. Angekuwa juu baada ya thelathini.

"Nusu saa ikipita, usiogope papo hapo," aliniambia akivaa miwani. "Ngoja kidogo, ndipo uogope."

Alisema bismillahi, akajiachia kinyumenyume. Niliuona mwanga wa ile taa ukishuka, kijani, kisha rangi ya chai, kisha haupo. Hakukuwa na mawimbi. Viputo vyake vilipanda na kupasuka mahali pamoja, na mimi nilivikodolea macho nikiwa nimeshika saa mkononi.

Dakika ya kumi na tano hivi upepo ulibadilika. Kisiwa cha magugumaji kilichokuwa kimetulia upande wa Karungu kilianza kutujia. Kilikuja taratibu, na maua yake ya zambarau, na ndege wamesimama juu yake kana kwamba ni nchi kavu. Mvuvi alijaribu kukisukuma kwa kasia, nami kwa mikono, lakini nani asukume shamba? Kilituzunguka, kikapita juu ya mahali pale, na viputo havikuonekana tena.

Mvuvi alikaa chini akashusha pumzi. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Hiyo taa ulimpea ndugu yako ni ya aina gani?"

"Ile kubwa. Mwanga wake ni mpana."

"Inashinda karabai?"

"Inazishinda kumi."

"Sheikh, usiku omena wanapanda juu. Mchana wanalala wapi?"

Nilijua. Mtu yeyote aliyekulia kando ya ziwa lile anajua kwamba mchana omena hukaa chini, karibu na tope.

"Basi hiyo si taa ya kuona," alisema. "Ni taa ya kuita. Umemtuma katikati yao na taa ya kuita."

Miaka yote ile nilikuwa nimeuza mwanga kwa ajili ya kazi moja, kuwakusanya omena maelfu kwa maelfu, na haikunijia hata mara moja kwamba yule anayeushika mwanga atakuwa katikati ya mkusanyiko. Wala giza la mle halikuwa la kukosa taa. Lilikuwa la maji machafu, na mwanga mpana ndani ya maji machafu hurudi machoni mwa aliyeuwasha, kama taa za gari ndani ya ukungu wa alfajiri.

Dakika ya thelathini ilipita. Nikangoja kidogo, kama nilivyoambiwa, kisha nikaogopa. Dakika ya thelathini na tano. Mvuvi alitoa panga akaanza kukata magugu kuzunguka kamba, na mimi nikawa nayatupa nyuma, mizizi yake mirefu myeusi ikinichafua kanzu. Midomo yangu ilikuwa ikisoma dua nilizofundishwa madrasani nikiwa mtoto, lakini nitasema kweli, akili yangu haikuwa kwenye dua. Ilikuwa Kendu Bay, mlangoni kwa mama, ikitafuta sentensi ya kwanza ya kumpa habari. Dakika ya arobaini. Mvuvi naye alikuwa akiomba kwa Kidholuo, na panga halikusimama. Arobaini na tatu.

Kitu kikagonga chini ya mashua. Tukatulia. Kikagonga tena, upande wa pili, halafu magugu yakainuka kama mtu anayenyanyua blanketi, mkono ukatokeza. Tuliukamata sote wawili. Alipotolewa kile kifaa cha kuvutia hewa mdomoni alitapika maji, akalala sakafuni mwa mashua akitetemeka, na kamera ikiwa bado imening'inia shingoni. Nilimshika masikio nikayatazama, kama mama.

Alipoweza kuzungumza alisema alipoingia tu aliona ukuta mweupe. Kila chembe ya tope iliwaka. Kisha omena wakaja kupitia mlangoni na kwenye matundu ya kutu, wakamgonga kwenye kioo cha miwani kama mvua ya mawe, na kadiri walivyojazana ndivyo walivyotibua tope. Hakuweza kusoma kipimo cha hewa hata akiwa amekisogeza puani. Uzi ulimponyoka.

"Ukafanyaje?"

"Nikazima taa." Alifumba macho. "Kaka, sijawahi kuogopa kitu kama kuizima ile taa. Nikakaa mle gizani nisifanye kitu, nikavuta hewa kidogokidogo, mpaka nikasikia wanaondoka mwilini mwangu. Halafu nikatoa hii."

Kutoka ndani ya mkono wa vazi lake la mpira akatoa tochi moja ndogo ya akiba. Alisema mle ndani aliielekeza sakafuni, mwanga wake mdogo haukumrudi machoni, na kwa huo aliutafuta uzi kwa shubiri, shubiri baada ya shubiri, mpaka akaupata.

"Niliichukua bila kukuambia," alisema. "Sikutaka kukuvunjia heshima."

Nilitamani heshima ile ingezama pale pale. Nilimwomba radhi mbele ya mvuvi, jambo ambalo mkubwa kwetu halifanyi kirahisi, naye akaona haya akageuza uso.

Alitaka kurudi siku ya tatu. Nilikataa, kisha nikaona kwamba atakwenda tu, na mtu anayekwenda ni heri aende na taa inayofaa. Lakini nilimwambia sitachagua tena kwa kuangalia ukutani. Tulijaza pipa maji ya ziwa, tukatia tope la ufukweni, tukazamisha mkebe wenye maandishi. Mtafiti alileta kioo cha kutazamia chini ya maji. Taa kubwa iliyafanya maji yote kuwa meupe kama maziwa. Ile sindano niliyoicheka, ikiwa karibu na kioo, nayo ilileta weupe ule, ila kidogo.

Mvuvi aliinama akacheka. "Nyinyi mnaweka taa puani. Sisi taa tunaiacha mbali na mashua. Taa huku, jicho kule."

Tulichukua bomba la baiskeli, refu kama mkono mpaka kiwiko, tukalifunga kwenye kasha la kamera, na ile nyembamba tukaifunga kwenye ncha yake ya mbali na kuielekeza kwa mshazari. Herufi za mkebe zikasomeka. Tukakubaliana iwake wakati wa picha tu, omena wasipate nafasi ya kukusanyika. Ndogo zote mbili nilimfunga mimi mwenyewe, moja kila bega, nikazivuta mara tatu. Na mwenzake tuliyemwacha mgonjwa Migori, ambaye sasa aliweza kusimama, alikuja kukaa nasi kwenye mashua akiwa na mtungi tayari pembeni.

Aliposhuka nilidhani hofu itakuwa imepungua kwa kuwa sasa kila kitu kilikuwa sawa. Haikupungua. Ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa nilijua kulivyo huko chini. Niliomba nipewe kamba niishike, ingawa nilijua haina habari yoyote ya kuniletea. Mvuvi alinipa, akaenda kukaa upande magugu yalikokuwa, panga magotini.

Alitoka dakika ya ishirini na sita, mahali pale pale aliposhukia. Alisema amewaona, saba au wanane, mmoja wa buluu mwenye mapezi mekundu, wamejibana kwenye kona ya chuma. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilipomvuta mashuani nilimshika mkono, na sikuuachia, hata alipotaka kuvua mapezi yake ya miguuni. Alivua kwa mkono mmoja. Mvuvi alituona hivyo, akashika kasia akatuelekeza ufukweni, na safari hiyo hakutania.